Maji kwa ekzosi ya lori: kopo, kifuniko ama kona?

Swali latoka kwa kijana mmoja wa Miritini, nimelifupisha kidogo: "Fundi salaam aleikum. Nina kichwa cha trela cha zamani, ekzosi yake imesimama nyuma ya kabini. Mzigo ukipatikana sawa, usipopatikana lori lalala nje hata wiki tatu. Masika haya maji yaingia kwa bomba, juzi kuwasha likatema maji meusi yakamrukia jirani na kanzu yake ya Ijumaa. Dereva wangu afunika na kopo la rangi, welda aniambia akate bomba mshazari, rafiki yangu ataka ninunue kile kifuniko cha bawaba chacheza cheza juu. Nishike lipi?"

Waaleikum salaam kijana wangu. Kanzu ya watu ilipe kwanza, masizi ya dizeli hayatoki kwa sabuni, nimejaribu.

Sasa niskize. Lori likiwa latembea mvua haina neno, hata inyeshe vipi, moshi watoka kwa nguvu na bomba lote ni moto, tone likianguka lageuka mvuke hapo hapo. Shida ni lori likilala. Na hapa kwetu malori yalala sana, wangoja meli, wangoja makaratasi, wangoja kontena litoke Kilindini ama mzigo hakuna tu, ukipita Kibarani mpaka Miritini wayaona yamejipanga mdomo juu kama watoto wa kunguru wangoja kulishwa. Kila mvua ikishuka yanywa.

Yanywa kiasi gani? Chukua bomba la inchi 5, saizi ya kawaida kwa lori kubwa. Mdomo wake eneo lake ni kama sentimita mraba 127. Mvua ya milimita 10, yaani ile yanyesha asubuhi ikakatika kabla hujamaliza mahamri, yamimina mililita 127 ndani, sema finjani mbili za kahawa. Mvua ya milimita 100, ambayo kwa mwezi wa Mei hapa Mombasa si kitu cha kushangaa, hio ni lita moja na robo. Ndio maana jirani alioga.

Na hizo finjani mbili usizidharau. Injini ya lita 12 yenye silinda sita, kila silinda ni lita mbili, mbano ukiwa 17 kwa 1 (hewa yote yabanwa hadi sehemu moja ya 17) basi pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni mililita 125 hivi. Hewa yabanwa, maji hayabanwi. Ukijaza ile nafasi maji halafu ukaisukuma pistoni ipande, kuna kitu lazima kipinde, na huwa ni konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni kwa krenki. Halafu injini ya silinda sita popote itakapozima kuna silinda moja ama mbili valvu zake za ekzosi ziko wazi, kwa hivo mlango upo, usiseme yangu ilizima vizuri.

Lakini usiingiwe na hofu bure, manake yategemea bomba lako limepita wapi, na hili ndio swali ambalo dereva, welda na rafiki yako wote hawakukuuliza. Malori mengi ya barabarani ekzosi yatoka kwa turbo (ile feni yazungushwa na moshi ukitoka kwa injini) yashuka chini hadi kwa silensa kwenye chesisi, ndipo ipande juu nyuma ya kabini. Hapo silensa ndio ndoo, maji yote yakaa pale, yafaa yajae sana ndio yarudi kwa turbo. Likiwa hivo injini yako iko salama kwa muda, kinacholiwa ni silensa yenyewe, kwa ndani, polepole, maji yamechanganyika na masizi yamekuwa tindikali na hewa yetu ya chumvi yamalizia kwa nje, siku moja wapita tuta silensa yabaki barabarani. Ila mashine ambayo bomba limesimama moja kwa moja juu ya turbo, kama trekta, greda, jenereta nyingi, ama lori ambalo mtu ametoa silensa akapitisha bomba wima apate mlio, hio kila tone lashukia kwa turbo. Hio ndio ya kuogopa.

Ntakupa kisa. Mwaka mmoja nliitwa Jomvu, tipa limelala mwezi mzima wa mvua, mwenyewe alikuwa ameshatoa silensa zamani ati apate nguvu kwenye vilima vya Mazeras. Kawasha, stata ikapiga "ka!" mara moja ikanyamaza. Akasema betri. Ikaletwa betri nyengine, ikaunganishwa waya, "ka!" tena. Hapo angeniita angelipa nauli yangu na oili mpya, basi. Yeye akaleta lori la mwenzake wakafunga nyororo wakalivuta liko gia ya pili. Lilipiga kishindo kimoja watu wakatoka madukani. Mimi nlipofika nikafungua nozo zote sita, zile zapuliza dizeli kwa silinda, nikaweka mtaimbo kwa flaiwili nikazungusha taratibu, silinda ya tano ikatema maji ya rangi ya kahawa yakanijaa shati. Halafu nikapitisha waya mwembamba kwa tundu la kila nozo pistoni ikiwa juu, nikatia alama kwa kucha, nne za kwanza alama yaja pale pale, ya tano ikashuka milimita tatu, ya sita ikarudi pale pale. Milimita tatu hizo ndio konrodi imepinda. Mwenyewe akaniuliza, "Sasa fundi, hio haiwezi kunyooshwa?" Sikumjibu.

Kwa hivo kabla ya kununua chochote, ingia chini ya lori lako uangalie bomba lashuka ama lapanda. Mimi nafikiri lako lashuka, ukiona ulivosema limewaka na kutema maji tu.

Haya, tuje kwa hizo dawa zako tatu.

Ile ya mshazari itoe hata kabla ya chai. Kata bomba mshazari unavotaka, mdomo ukiutazama kutoka juu kama mvua inavouona, bado ni duara lile lile la inchi 5, maji yaingia yale yale. Ni urembo tu. Wanaokata hivo huko ng'ambo wataka moshi uelekee nyuma na lori lipendeze, hakuna aliyesema ni mwavuli. Welda wako si muongo, ataka kazi.

Kopo la rangi mimi silichukii, tena kwa lori lililolala wiki tatu hakuna kinachoshinda kopo, lafunika kila kitu, maji, majani ya mwarobaini, miba ya mivinje, kunguru na vijiti vyao na vipande vya waya. Ubaya wa kopo ni binadamu. Dereva aamka saa kumi za usiku atoke kabla ya msongamano, awasha, kopo laruka. Nimeona moja likipaa likatua juu ya tuktuk ya watu na ikawa kesi. Na hilo ni afadhali, manake lililolegea laruka, lililofungwa kwa waya likakaza lakataa kuruka, injini yakosa pumzi, na tanboi, yule msaidizi wa dereva, ashindilia kopo zaidi akidhani afanya vizuri. Basi ukitumia kopo liwe limelegea, lisiwe la plastiki kwa sababu wakati mwengine mtu azima lori na kufunika hapo hapo bomba likiwa bado lachoma, na muhimu kuliko yote, likae na ufunguo. Chukua kamba nyekundu ndefu, ncha moja kwa kopo, ncha ya pili iteremke hadi kwa usukani, na ufunguo ufungwe pale kwa kamba. Asiweze kuwasha bila kuigusa kamba. Yaonekana kama mchezo wa watoto lakini imenifanyia kazi miaka.

Tambara ama gunia ndani ya bomba, hapana. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 watu wamerudia magunia, washindilia kipande ndani halafu chazama. Kuna mtu alinizungusha wiki nzima, lori limekosa nguvu, lapanda kilima kama lina pumu, moshi mweusi, ameshabadilisha filta zote, ameshapeleka pampu kupimwa, pesa zimeteketea. Nikavua bomba kwa klampu ya chini nikatoa kipande cha gunia kimeungua nusu. Akasema, "Ah, hicho tuliweka mwaka jana."

Kifuniko cha bawaba sasa. Kazi yake ni nzuri, kina uzito mdogo upande wa pili wa bawaba, moshi ukitoka wakiinua, ukizima chashuka chenyewe, hakuna mtu wa kusahau. Kwa hilo kinashinda kopo. Lakini hapa pwani kina adui mmoja, kutu kwenye pini ya bawaba. Nunua cha stenlesi hata kama bei yauma, cha bati kwa hewa yetu misimu miwili pini imeshaganda. Kikiganda wazi umerudi ulipoanza. Kikiganda kimefunga nusu moshi wabanwa, lori lakula mafuta na hujui kwa nini. Usitie grisi pale, yaungua na masizi yajigandisha juu yake kama lami, tia unga mkavu wa grafaiti, ile ile ya ndani ya penseli, na kila Jumamosi tanboi apande akicheze kwa kidole (lori likiwa baridi bwana, moshi wa lori lenye mzigo kwenye kilima wapita nyuzi 300).

Kukinunua pima bomba lako kwa nje. Wengi waenda dukani na makisio warudi na kifuniko kikubwa, halafu wazungushia bati la kopo kikaze, kesho kimeanguka Mariakani. Chukua uzi, zungusha bomba mara moja, pima huo uzi. Ukiwa sentimita 40 hilo ni bomba la inchi 5, ukiwa 32 ni la inchi 4. Kukifunga hakikisha kimelala sawa, bomba likiwa limeinama nyuma ule uzito hausawaziki na kifuniko chabaki chahema. Bawaba usiielekeze mbele, ukienda kasi upepo wakisukuma kufunga huku moshi wakisukuma kufungua, chapigwa tak-tak-tak mpaka bawaba inalika. Mimi huiweka ubavuni, na mdomo ufungukie nje, si upande wa kabini na si upande wa turubai. Lori likiwa limesimama injini yanguruma tu kitapiga kelele kidogo, hio izoee, wengine wasema yawaudhi, mimi yaniambia injini iko sawa, silinda moja ikikosa kuchoma waisikia kwa kifuniko kabla ya kuisikia kwa injini.

Lakini ungeniuliza mimi ningefunga nini kwa lori langu, ningefunga kona. Kipande cha bomba kilichopinda kikaenda kulala, mdomo watazama nyuma na umeinama chini kidogo, sio sawa kabisa, uiname. Hakina bawaba, hakina pini, hakina cha kuganda wala kusahaulika. Mvua ya wima haiingii. Inayoweza kuingia ni ile yaletwa na upepo, na upepo wa masika hapa ni kusi, kwa hivo ukilaza lori la wiki tatu ligeuze mdomo wa ekzosi usitazame kusini. Wazee wa majahazi wangekucheka ukiwauliza jambo hilo, chombo chalala kwa kufuata upepo, lori nalo ni chombo. Vuli na kaskazi wageuza tena. Uwanja ukiwa mdogo hakuna nafasi ya kugeuza, basi ongeza kopo juu ya kona kwa ile wiki, hakuna aliyekataza viwili. Angalia tu trela likikata kona usije mdomo ukachoma turubai ama ukagusa kontena, pinda kidogo kwa nje kama nlivosema.

Haya yote ni ya juu, na ya juu peke yake hayatoshi, hapa ndipo watu wengi hukosea. Lori lenyewe latengeneza maji. Dizeli lita moja ikiungua yatoa karibu lita moja ya maji, wallahi, ni kwamba yatoka kama mvuke huoni. Lori likitembea Mombasa hadi Voi bomba limepata moto, mvuke wote watoka. Lakini lile ambalo tanboi aliwasha dakika tano "kuchaji betri" kisha azima, mvuke wote umekuwa maji ndani ya silensa, na kesho arudia. Ufunike juu kwa dhahabu, ndani kumelowa. Kwa hivo toboa tundu. Tafuta mahali pa chini kabisa pa ekzosi, aidha tumbo la silensa au kiwiko cha chini kabla bomba halijapanda, utoboe milimita 6. Moja tu. Litatoa moshi kidogo sana na doa jeusi chini, vumilia. Lielekee chini kwenye lami, lisielekee waya, mpira wa breki wala tangi la mafuta. Na kila ukilaza lori pitisha msumari pale, manake nyigu wale wa udongo wapenda tundu la saizi hio kuliko nyumba, siku mbili wameshaziba kwa simiti yao.

Mambo mawili ya tahadhari kwa hilo tundu. Lori la kisasa ambalo lina tangi la Adblue (ile dawa ya kusafisha moshi), usitoboe, silensa yake ndani ina vitu vya udongo wa kauri na sensa, hapo funga kona juu basi. Na likiwa ni la kubeba petroli laingia Shimanzi kupakia, usiguse ekzosi bila wenye depo kujua, huko kuna vizuizi vya cheche na ukaguzi wao, na kifuniko cha bawaba hakihesabiwi kuwa kizuizi cha cheche.

Rafiki mwengine atakuambia uweke wavu juu kwa ajili ya majani na ndege. Wavu mwembamba waziba masizi upesi mno. Ukiweka uwe na macho ya nusu inchi na uvulike, lakini na kona sioni haja.

Ukimpa welda kazi ya kona mwambie atumie klampu, asichomelee, kesho utataka kuivua. Akilazimika kuchomelea, betri itolewe waya wa hasi kwanza, na waya wake wa ardhi aubane karibu na pale achoma, sio kwenye bampa, manake umeme wa kuchomelea ukipita njia ndefu wapitia bearingi na kompyuta ya injini kama lori linayo. Na bomba la mabati yale ya maji usikubali, zinki ikipata moto moshi wake watia watu homa usiku kucha, na kutu itakuja vile vile.

Kwa sasa, kabla ya hayo yote kupatikana. Kesho usiwashe. Fungua klampu ya chini ya silensa ulegeze bomba, weka karai, uone chatoka nini. Kikitoka kikombe kimoja cha maji meusi, sawa, rudisha, toboa tundu, washa liungurume nusu saa na ulitoe mpaka Mazeras likauke. Yakitoka mengi zaidi ya lita mbili, usiguse swichi, weka spana kwa krenki uzungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, ikizunguka laini bila kugoma uko salama, ikigota mahali iache pale pale, toa nozo. Vuta na dipstiki, oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa usiwashe hata kama imezunguka. Na hilo kopo usiku huu liache juu, ila ufunguo umwombe dereva ulale nao wewe.